Somo: Kustaafia Iringa au Mbeya, hatua kwa hatua

Kila mara linapoulizwa swali la kustaafia Iringa au Mbeya, majibu huishia kwenye hali ya hewa na bei ya viwanja. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodini katika mikoa yote miwili, na wazee niliowahudumia hawakuwa wakilalamikia kiwanja. Walilalamikia umbali: umbali wa dawa, wa watoto, wa mtu wa kuwashika mkono kwenda msalani usiku.

Kwa hiyo somo langu lina msingi mmoja. Chagua mkoa kwa ajili ya mtu utakayekuwa ukifika miaka 75. Huyu wa 60 mwenye nguvu ataishi popote.

Hatua ya 1: Anzeni na daftari la kliniki

Chukua daftari lako na la mwenza wako, yawekeni mezani. Kama hamna kitu, au ni presha inayotulia kwa kidonge kimoja, mikoa yote miwili itawatosha. Iringa ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini kabisa, na Tosamaganga si mbali kwa aliyezoea hospitali za misheni.

Lakini kama kuna figo, moyo, saratani, au kisukari kilichoanza kugusa macho na miguu, mimi nasema Mbeya bila kusita. Pale ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inayopokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini, wakiwemo wa Iringa. Mgonjwa wa Iringa akiandikiwa rufaa, atasafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda Mbeya, au kama kilomita 260 kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, au karibu kilomita 500 kwenda Muhimbili. Mtu anayehitaji kuonwa hospitalini hapo mara kwa mara hawezi kuishi hivyo.

Wapo wanaosema Iringa ni nafuu kwa sababu Dodoma ni karibu na barabara yote ni lami. Kwa rufaa ya mara moja kila miezi sita ni kweli. Kwa kiharusi si kweli, kwa sababu saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama mgonjwa atasema na kutembea tena.

Halafu msiangalie mkoa tu, angalieni nyumba itakuwa umbali gani na hospitali. Namkumbuka baba mmoja aliyejenga nyumba nzuri sana kijijini, ndani kabisa wilayani Kilolo, Iringa. Siku ya kliniki aliamka saa tisa usiku awahi gari pekee la asubuhi, akaja amesimama nusu ya safari. Tukimpima akifika, presha iko juu. Tulijifunza kumkalisha kwenye benchi nusu saa, ameegemea ukuta, miguu chini, bila kuongea, ndipo tunampima upya, na mara nyingi ilikuwa imeshuka. Safari yenyewe ndiyo iliyokuwa inampandisha. Angekuwa Kihesa au Mtwivila, hapo Iringa mjini, angefika kwa bajaji.

Hatua ya 2: Hesabuni watu

Jiulize: nikianguka bafuni saa nane usiku, nani atafika? Usitaje mtoto aliye Dar. Taja mtu anayeweza kuja kwa miguu.

Hapa ndipo kuzaliwa mahali kunapokuwa na uzito. Mwenye ndugu Rungwe, mkoani Mbeya, anayesalimiana na watu kwa Kinyakyusa, ana kitu ambacho pesa ya mafao hainunui, na Mhehe aliyerudi Kalenga, Iringa, vilevile. Ila msidhani ukoo unatosha. Mtu aliyekaa Mwanza miaka 35 akirudi kwao anakuta rika lake limepungua na vijana hawamjui. Atahitaji kuanza upya: ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, aingie jumuiya kanisani au ajulikane msikitini, ajiunge na chama cha kufa na kuzikana. Ahudhurie misiba ya wenzake tangu mwezi wa kwanza. Mtaa humjua mtu msibani.

Watoto nao wahesabiwe, lakini kwa safari zao. Basi la Dar hufika Iringa siku hiyohiyo mapema. Mbeya, yapata kilomita 830, ni safari ya kutwa nzima hadi usiku. Kwa upande mwingine Mbeya ina Uwanja wa Ndege wa Songwe tangu 2012, na stesheni ya reli ya TAZARA. Watoto wakiwa Dodoma au Morogoro, Iringa inashinda. Wakiwa Tunduma au Sumbawanga, hakuna mjadala.

Hatua ya 3: Baridi, mlima na maji

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Iringa ni ya chini kidogo, ina ukavu zaidi na upepo, hasa miezi ya Septemba na Oktoba vumbi linapotimka. Mwenye baridi yabisi atateseka zaidi Mbeya. Mwenye pumu ajihadhari na vumbi kote kuwili. Ukisogea Tukuyu, wilayani Rungwe, unaingia kwenye mvua nyingi mno, nguo hazikauki, lakini ndizi, maziwa na mboga hazikosekani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kila msimu wa baridi tunapoteza watu kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Hewa yake ya sumu haina harufu wala haikohozeshi. Mtu analala na haamki. Wazee ndio wanaosikia baridi zaidi, na ndio wanaokaa peke yao. Nunueni blanketi zito, soksi na chupa ya maji ya moto. Jiko libaki nje.

Mlima nao. Iringa mji uko juu, na ukiishi Ipogolo unapanda kila ukitaka benki au soko kuu. Mbeya mitaa mingi ya chini ya Loleza ni mteremko mtupu. Na mji wenyewe umejipanga kwenye barabara kuu moja, Uyole hadi Mbalizi, pamoja na malori yote ya Zambia, kwa hiyo foleni ya Mafiati na Mwanjelwa ihesabu kama sehemu ya umbali wako wa hospitali.

Maji: waulizeni majirani wanawake, siyo dalali.

Hatua ya 4: Pangeni nyumba kabla ya kununua

Mwaka mzima. Najua mtu mzima anaona aibu kupanga baada ya utumishi wote ule, lakini mwaka mmoja unaonyesha mvua ya Machi, baridi ya Julai na vumbi la Oktoba. Unaonyesha pia kama mwenza wako anapata wenzake wa kuongea nao. Mkiona pamewafaa, mnanunua mkiwa na akili tulivu. Mkupuo, yaani fedha ya mafao inayolipwa kwa mara moja, ukishaingia kwenye msingi na tofali hautoki tena, na pensheni ya mwezi haimalizii nyumba.

Vyumba vya Iringa maeneo ya vyuo, kama Mkwawa na karibu na Chuo Kikuu cha Iringa, hupanda bei na kelele wanafunzi wakiwepo. Kwa Mbeya angalieni Forest au Block T mkitaka utulivu na ukaribu na huduma.

Hatua ya 5: Kiwanja

Kiwanja kilichopimwa, fanyeni upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wahusike, na mwisho mpate hati ya hakimiliki ya kimila. Karatasi ya mauziano yenye mihuri ya mjumbe peke yake haitoshi.

Na msijenge chini ya mlima uliofyekwa. Aprili 2024 udongo wa mlima Kawetere uliporomoka ukafunika nyumba za watu kata ya Itezi, Mbeya. Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa, tetemeko dogo si jambo geni, kwa hiyo fundi asiruke mkanda wa zege juu ya madirisha kwa kisingizio cha kubana gharama.

Hatua ya 6: Makaratasi

Mtumishi wa umma, angalia umeandika wapi kama mahali pako pa asili, maana nauli na mizigo ya kustaafu hufuata pale. NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, nendeni kabla ya tarehe ya kustaafu mhakikishe wewe na mwenza mmehamishiwa kwenye orodha ya wastaafu na majina yanafanana na ya kitambulisho cha taifa (NIDA). PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uhakiki wake usisahaulike. Usipohakikiwa, pensheni husimama, na kuirudisha ni mzunguko.

MASWALI YA WASOMAJI

Mwalimu, Mafinga: Shikamoo Sista. Nabakiza mwaka mmoja. Wenzangu wananiambia mkupuo wote ninunue shamba nipande mipaini hapahapa Mufindi, kwamba ndiyo pensheni ya kweli.

*Jibu:* Marahaba mwalimu. Mipaini ni mali nzuri, lakini hesabu miaka. Ukipanda ukiwa na 60, hata ukivuna mapema utakuwa umepita 70, na mti uliokomaa vizuri unahitaji zaidi ya hapo. Katikati kuna kupalilia, kupogolea na barabara za kuzuia moto za kila mwaka, na moto mmoja wa Oktoba unamaliza yote. Huo ni urithi wa watoto, siyo pensheni yako. Ukitaka kitu cha kukuingizia ukiwa hai, parachichi la Hass kwa miche ya kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Panda eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi. Mkupuo wote usiuweke shambani hata kama shamba ni la dhahabu.

Mama, Tukuyu: Sista, mume wangu ni wa Kilolo, mimi wa hapa Rungwe. Yeye anasema mwanamume haendi kustaafia ukweni. Mimi naogopa, akitangulia nitabaki kwa watu ambao sijawahi kuishi nao. Nimwambieje?

*Jibu:* Pole mama, na asante kwa kulisema, maana wengi wanalo moyoni. Nimewaona wajane wakiletwa hospitali na majirani, ndugu wa mume wapo hatua chache na hawakuja. Nimeona pia wajane waliotunzwa na mawifi zao kama dada wa kuzaliwa. Huwezi kujua ni yupi utakuwa, kwa hiyo usiende kwa imani tupu.

Mwambie mambo matatu, mkiwa mmetulia, ikiwezekana na mtoto mkubwa akiwepo. Kwanza, nyumba iwe mjini Iringa, isiwe ndani ya kiwanja cha ukoo. Yeye atakuwa amerudi kwao na wewe utakuwa na majirani wako mwenyewe. Pili, hati iandikwe majina yenu wote wawili. Tayari Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, lakini jina kwenye hati linazungumza haraka kuliko kesi. Tatu, aandike wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hupokea na kuhifadhi. Mwanamume anayekupenda hatakasirikia hayo. Akikataa yote matatu, basi ukae Tukuyu hadi mzungumze upya, na mwombe mshenga wenu aingie kati.

Kijana, Dar: Shikamoo mama. Tunamjengea mzee nyumba Isyesye, Mbeya. Ramani ina ngazi tano kuingia sebuleni, na vyoo vyote vya kuchuchumaa kwa sababu ndivyo anavyopenda.

*Jibu:* Marahaba mwanangu, Mungu awabariki kwa kumkumbuka. Ondoeni ngazi, wekeni mteremko mpole wenye kishikio. Choo kimoja kiwe cha kukaa, karibu na chumba chake, na sakafu isiwe ya marumaru za kuteleza. Atakipenda cha kuchuchumaa hadi siku goti litakapokataa, na kuvunja choo wakati mgonjwa yumo ndani ni tabu. Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, hamtaweza kumfikia.

Askari, Songea: Sista, vipi mtu akikaa katikati? Nafikiria Makambako au Njombe mjini, nisichague upande.

*Jibu:* Afande, ni wazo lenye akili. Makambako ni njiapanda ya barabara ya Songea na ile kuu ya Zambia, TAZARA inapita, mabasi hayakosi mchana na usiku, na wewe bado utawafikia watu wako wa Songea bila kubadili gari. Kwa matibabu una Ilembula upande wa Wanging'ombe, na Ikonda kule Makete, ambayo watu huifuata kutoka mbali sana. Njombe mjini ni safi na chakula ni tele, viazi na mboga mwaka mzima, ila baridi yake inaizidi ya Mbeya, na kwa magoti ya mtu aliyesimama lindo miaka 30 sikushauri. Anza kwa kupanga Makambako, mbali kidogo na stendi kwa ajili ya kelele za malori. Na uhamisho wa faili la kliniki uombe Songea kabla hujaondoka, ubebe mwenyewe mkononi pamoja na dawa za miezi miwili.