Namna ya kuisoma Pemba: ardhi kwanza, sensa baadaye

Kila nikitoa zoezi la Pemba, wanafunzi hukimbilia jedwali la sensa. Nawarudisha kwenye ramani.

Anza kwa kukigawa kisiwa kati, kaskazini hadi kusini. Magharibi ni vilima na mabonde: mikarafuu juu, mpunga chini. Mashariki jiwe la matumbawe limekaribia uso wa ardhi na udongo ni haba, ndiyo maana wengi wa Micheweni, wilaya ya kaskazini-mashariki, wanategemea uvuvi, mwani na kuponda kokoto. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, ni vilima hivi vya magharibi vilivyoifanya Pemba kuwa kitovu cha karafuu.

Kisha tazama bahari. Mkondo unaotenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, ilhali wa Unguja ni wa maji mafupi. Bahari iliposhuka zama za barafu, Unguja iliungana na bara; Pemba haikuungana. Kutengwa huko kunaonekana hata kwa popo wa Pemba, anayeonekana msitu wa Ngezi: hapatikani penginepo duniani.

Sasa fungua sensa. Usianze na jumla. Anza na mikoa. Kaskazini Pemba ilikuwa na watu 211,732 mwaka 2012 na 272,091 mwaka 2022. Kusini Pemba ilitoka 195,116 hadi 271,350. Tafuta asilimia: kaskazini imeongezeka kama 29, kusini 39. Hesabu hiyo fupi inasema mengi kuliko ile 543,441 ya kisiwa kizima ambayo kila mtu huinakili. Gawa pia kwa eneo. Kaskazini ina kilomita za mraba 574, kusini 332. Utapata takriban watu 474 dhidi ya 817 kwa kila kilomita. Mimi wastani wa kisiwa kizima siupokei kwenye daftari.

Hatua inayosahaulika ni kulinganisha na Zanzibar yote. Pemba ilikuwa na asilimia 31 ya Wazanzibari mwaka 2012. Mwaka 2022 ni 29, ingawa watu wenyewe wameongezeka. Unguja imekua kwa kasi zaidi, na Wapemba wanaohamia huko wamo katika hesabu yake.

Mwisho, uliza nani alikuwa wapi. Sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Wakojani, watu wa kisiwa kidogo cha Kojani kilichoko Wilaya ya Wete, Pemba, ni wavuvi wa dago: huhama na vyombo vyao kwa wiki au miezi, wakapiga kambi Unguja au pwani ya bara. Aliyekuwa dago usiku ule alihesabiwa huko huko. Kwa hiyo ukiandika habari za Kojani, tumia jedwali la shehia (eneo dogo la utawala chini ya wilaya), si la Wilaya ya Wete nzima, na uweke mwaka kando ya kila tarakimu.