Namna ya Kupata Sauti za Ogani za Zamani kwa Kinanda cha Kawaida

Vinanda vya umeme vinavyopigwa katika taarab na harusi hapa Unguja na Pemba huwa na mamia ya sauti ndani yake, na ogani haikosi kuwamo. Hata hivyo, mpigaji anapoichagua sauti hiyo mara nyingi hutoka mlio bapa usio na uhai, na lawama zote hutupiwa chombo. Naamini kwamba sababu kubwa ni kuipiga ogani kama inavyopigwa piano, ilhali vyombo hivi viwili hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa.

Ogani iliyovuma kuliko zote katika nyimbo za zamani ni Hammond, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Ndani ya toleo lake mashuhuri, B-3, mnazunguka visahani 91 vya chuma, kila kimoja mbele ya sumaku yake, na visahani hivyo havisimami muda wote chombo kinapowaka. Kidole kinapobonyeza hufungua njia tu ya sauti ambayo tayari ipo. Kwa hiyo ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti ni ileile. Jambo la kwanza, basi, ni kuingia katika mipangilio ya kinanda chako na kuzima uwezo wake wa kuhisi nguvu ya kidole. Jambo la pili ni kuuondoa mguu kwenye pedali ya kurefusha sauti, kwani Hammond haikuwa nayo. Noti huunganishwa kwa vidole peke yake: kimoja hakiachii mpaka mwenzake awe ameshika, na pengine unabadilisha kidole juu ya noti ileile ili mkono upate kusogea bila sauti kukatika. Mguu nao upewe pedali ya kupandisha na kushusha sauti, maana hiyo ndiyo pumzi ya ogani.

Baada ya hapo tafuta vijiti tisa vya kuvuta (drawbars), ambavyo katika vinanda vingi vya leo huonekana kwenye kioo. Kila kijiti hupimwa kuanzia 0 hadi 8. Cha tatu ndicho kinachotoa noti uliyoibonyeza yenyewe, cha kwanza hutoa oktavu ya chini yake, cha pili hutoa noti ya tano juu yake, na cha nne oktavu ya juu. Vinavyofuata huongeza ukali. Ukivuta vitatu vya mwanzo hadi 8 na kuvifunga vilivyobaki, unapata sauti nzito ya mviringo ambayo mpigaji ogani Jimmy Smith aliisambaza katika jazi. Ukivivuta vyote tisa, unapata mngurumo wa ogani ya kanisani kwa Wamarekani Weusi.

Sauti ya Jimmy Smith haikamiliki bila ule mlio mdogo wa kugonga (percussion) unaosikika mwanzoni mwa noti. Washa kipengele hicho, chagua harmoniki ya tatu na uifanye ififie haraka. Kumbuka kwamba katika B-3 mlio huo haurudi mpaka vidole vyote viwe vimeachia, na kwamba ukiwashwa, kijiti cha tisa hunyamaza. Kwa hiyo mpigaji huchagua kwa vidole vyake ni noti zipi zigongwe na zipi ziteleze, na hapo ndipo ustadi wa ogani unapojulikana.

Linalofuata ni spika ya Leslie, yenye pembe inayozunguka juu na ngoma inayozunguka chini, kwa kasi mbili. Katika vinanda vyetu kasi hiyo hubadilishwa kwa kitufe au kwa gurudumu lililo upande wa kushoto. Kosa la kawaida ni kuiacha izunguke kwa kasi wimbo mzima. Ianze polepole, kisha iongezwe pale mwimbaji anapomaliza mstari, na irudishwe kabla hajaanza mwingine. Sikiliza A Whiter Shade of Pale, wimbo wa kundi la Procol Harum wa mwaka 1967, ambamo Matthew Fisher anapiga Hammond ndogo zaidi ya B-3. Mchango wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2009 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilithibitisha kuwa ni mmoja wa watunzi wa wimbo huo, na wapigaji wetu wa kinanda wanastahili kulijua hilo.

Ogani nyingine ya zamani, Vox Continental, ambayo Alan Price aliipiga katika House of the Rising Sun mwaka 1964, ni nyembamba na kali. Izimie Leslie na uipe mtetemo mdogo tu. Kwa piano za umeme, Rhodes na Wurlitzer, rejesha uwezo wa kuhisi nguvu ya kidole, kwani huko mguso ndio kila kitu.

Katika taarab mambo yanahitaji uangalifu zaidi. Kwa maqamu (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Rasti inayoanzia C, noti za E na B hushushwa kwa senti 50, yaani robo ya toni, na vinanda vingi vina sehemu ya kufanya hivyo. Mzunguko wa kasi wa Leslie huyumbisha noti juu na chini, na robo ya toni uliyoipanga kwa uangalifu hupotea masikioni. Kwa sababu hiyo naizima kabisa. Kijiti cha kwanza pia nakifunga ili kisigombane na besi, na mkono wa kulia unatumia cha tatu na cha nne, ukiwaachia fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi, nafasi yao. Anayetaka kuzoesha sikio asikilize fidla katika rekodi za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, kisha azifuate kwa ogani isiyo na mapambo.

Mipangilio ikikuridhisha, ihifadhi katika kumbukumbu ya kinanda, ya taarab mbali na ya nyimbo nyingine, kwa sababu wimbo wa dansi ukipigwa huku E na B zikiwa bado zimeshushwa, hakuna gitaa litakalopatana na kinanda.