Lekcha, semina, maabara na fildi: somo kwa mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza chuo, karibuni. Kidato cha sita mlizoea dawati moja. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni, mnanakili, anatoka, anakuja mwingine. Chuoni anayezunguka ni wewe, na kila chumba unachoingia kina adabu yake. Wengi huingia semina na mwendo wa lekcha, ndipo alama zinapoanza kudondoka.

Hatua ya 1: Isome ratiba vizuri

Ratiba itakupa namba ya kozi, aina ya kipindi, chumba na saa. Ukiona 1300, toa sita: ni saa saba mchana. Msicheke, kila mwaka kuna mtu anafika saa moja usiku na kukuta mlinzi anafunga ukumbi.

Kisha angalia makundi. Lekcha ni moja kwa wote, ila semina na maabara mnagawanywa. Jina lako likiwa kundi la tatu ukahudhuria la kwanza kwa sababu rafiki yako yuko huko, mahudhurio yako hayapo.

Hatua ya 2: Lekcha

Ukumbi mkubwa, watu mia na zaidi, mhadhiri anaongea na slaidi zinapita. Usinakili slaidi, CR, yaani kiongozi wa darasa, ataziweka kwenye grupu la WhatsApp jioni. Andika yasiyokuwemo: mfano alioutoa, kitabu alichokitaja mara mbili, na pale aliposema "hapa watu hukosea kila mwaka." Hiyo sentensi ya mwisho nimeiona ikigeuka swali la mtihani.

Hatua ya 3: Semina

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Wiki ya nne, chumba kidogo, tuko ishirini na kitu. Tulipewa makala ya kurasa kumi na mbili, mimi nikasoma kichwa cha habari tu. Dada aliyekuwa anatusimamia akaninyooshea kalamu: "Wewe wa shati la bluu, mwandishi anadai nini?" Nikajikohoza nikasema nakubaliana na mwenzangu aliyetangulia. Akatazama chumba kizima. "Mwenzako yupi? Wewe ndiye wa kwanza."

Tangu siku hiyo nilikuwa na kawaida moja. Kabla ya semina naandika kwenye karatasi sentensi mbili za hoja ya mwandishi na swali moja ambalo sijalielewa kweli. Naongea mapema, ndani ya dakika kumi za mwanzo, kabla wenzangu hawajamaliza yote niliyonayo.

Kazi ya kundi nayo ina mitego. Jalada lina majina matano, waliofanya ni wawili. Lakini siku ya kuwasilisha, msimamizi anaweza kumuuliza yeyote kati yenu sehemu yoyote. Isome kazi nzima, hata kama uliandika utangulizi peke yake. Na alama hizi si za kupuuza: katika vyuo vyetu vingi kosiweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, ni alama 40 na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60, kwa hiyo anayeidharau semina anakwenda UE akiwa na deni.

Hatua ya 4: Maabara na vitendo

Koti jeupe, viatu vya kufunika vidole, na mwongozo umeshausoma. Jedwali la kujaza vipimo lichore usiku uliopita. Ukianza kulichora mezani, wenzako wameshapima. Vitendo si maabara tu: wa Sokoine pale Morogoro watashika jembe, wa Muhimbili watasimama wodini kando ya kitanda cha mgonjwa.

Hatua ya 5: Lazima, hiari na krediti

Kozi za lazima huna la kuchagua. Za hiari usichague kwa tetesi kwamba "pale A zinagawiwa." Tazama krediti. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15 za muhula, unapata saa 8 kwa wiki. Ratiba ikikuonyesha saa 3, zile 5 zilizobaki ni zako na maktaba.

Hatua ya 6: Fildi

Ni mafunzo ya kazi nje ya chuo. Inakuja mwisho wa mwaka, wanaosomea ualimu wao wanakwenda kufundisha shuleni. Lijaze daftari la fildi kila siku, si wiki ya mwisho kwa kalamu moja.

Maswali ya wanachama

BintiUjiji: Shikamoo kaka. Kiingereza cha kuongea semina kinanigomea. Kuandika naweza.

Marahaba mdogo wangu. Basi andika kwanza, kisha soma ulichoandika. Sentensi mbili tu, hakuna atakayekuuliza kwa nini umetazama karatasi. Ukikwama katikati, uliza badala ya kueleza. Swali fupi nalo ni mchango.

Mtoto wa Bumu: Kama lekcha hawaiti majina, si nipige madesa tu nyumbani, zile notsi za waliotangulia?

Madesa ni mazuri kwa kujikumbusha. Lakini niliwahi kuona benchi zima limekosea neno lilelile, kwa tahajia ileile, kumbe desa lilikuwa la mtu aliyemaliza miaka mitatu nyuma. Msahihishaji hakuhitaji upelelezi.

Kipara02: Lekcha yangu moja inagongana na semina ya kozi nyingine. Niache ipi?

Usiache. Lekcha ya watu mia tatu haitahamishwa kwa ajili yako, kundi la semina linahamika. Nenda wiki hizi mbili za mwanzo, na ratiba mkononi, umwombe msimamizi akupeleke kundi jingine.

Jirani wa Eldoret: Huku Kenya alama za kosiweki tunaziita CAT, na kozi nyingi ni CAT 30 kwa mtihani 70. Ushauri unabaki uleule?

Unabaki, ila UE yenu ina uzito zaidi. Msije mkatumia hilo kama kisingizio.

Mama Chemia: Koti la maabara nanunua wapi?

Usinunue jipya. Uliza mwaka wa tatu wanaohama hosteli, kisha lifue mara mbili. Langu lilikuwa na jina la mtu mwingine mfukoni hadi nahitimu, na mtaalamu wa maabara aliniita kwa jina hilo miaka yote mitatu.