Somo: Nguo za kayaki kwenye maji baridi kwa mwenye mfuko mwembamba (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila Aprili, jua likitoka siku mbili mfululizo hapa Seattle, simu yangu inajaa ujumbe ule ule: "Kaka, nimepata kayaki ya mtumba, nivae nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza yajue maji yenyewe. Puget Sound, mkono wa bahari unaopita hapa Seattle, ni baridi mwaka mzima: nyuzi 8 hivi za Selsiasi wakati wa baridi, na kiangazi, penye kina, 13 au zaidi kidogo. Kule Unguja yakishuka hadi 25 watu wanakunja uso. Ziwa letu, Lake Washington, ni habari nyingine, Agosti watu wanaoga na kaptura. Msichanganye.

Hatua ya 1. Vaa kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya jua. Ukisikia joto, chovya kofia majini uivae.

Hatua ya 2. Pamba ibaki nyumbani: jinzi, fulana, soksi. Ndani vaa poliesta au sufu, za mitumba zinatosha.

Hatua ya 3. Jaketi okozi linavaliwa na kufungwa. Likikaa nyuma ya kayaki ni mzigo tu.

Hatua ya 4. Kama pesa ni kidogo, anza na wetisuti (suti ya kubana mwili) ya neopreni, yaani mpira laini, ya milimita 3, miguu mirefu, isiyo na mikono ili mabega yapige kasia bila kubanwa. Mpya ni kama dola 100 hadi 150. Juu yake jaketi lisilopitisha maji. Hiyo ni ya kiangazi, karibu na ufuko, ukiwa na wenzako. Miezi ya baridi unahitaji draisuti (suti isiyoingiza maji kabisa), na mpya zinafika dola 1,000 na kupita, ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia mitumba.

Hatua ya 5. Kagua draisuti ya mtumba. Hapa ndipo nilipojikwaa.

Mwaka wangu wa pili nilipata moja kwa dola 150. Kola yake ya mpira shingoni ilikuwa inanata, kama ubani uliotafunwa ukaachwa juani. Nikasema ni uchafu, nikapaka poda, nikavaa. Nikapinduka mita kama 60 kutoka ufukoni. Mimi ni mtoto wa Pemba, nimejua kuogelea kabla ya kusoma, na haikunisaidia kitu: maji yalipogusa kifua nilivuta pumzi bila kutaka, nikameza chumvi. Kola ikachanika, baridi ikateremka mpaka kwenye soksi. Mwenzangu aliponifikia nilikuwa nashindwa kushika kamba ya kayaki. Naviona vidole vyangu, naviamuru, havisikii.

Mtaalamu wa Kanada, Gordon Giesbrecht, ana hesabu rahisi kwa maji baridi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 za mikono kukutii, saa kama 1 kabla ya kupoteza fahamu. Bila jaketi okozi hiyo saa usiihesabu, utazama mapema.

Basi fanya hivi. Vuta kola taratibu ukiielekeza kwenye taa. Ukiona nyufa, au inanata, imekufa. Kola hubadilishwa (mimi nililipa dola 40 za mpira na gundi, nikasubiri siku nzima ikauke), kwa hiyo dai punguzo. Zipu ndiyo yenye gharama: ikivuja, mrudishie mwenyewe. Ziba shingo na mikono kwa chupa, jaza suti upepo, ipake maji ya sabuni, tafuta mapovu. Muuzaji akikukataza kuijaribu hivyo, ondoka.

USIPAKE mafuta shingoni wala mikononi kabla ya kuvaa. Mafuta ya nazi yanakula mpira.

Hatua ya 6. Viatu, glavu na kofia za neopreni. Kofia ndiyo rahisi kuliko vyote, isikose.

Hatua ya 7. Ingia maji ya kiunoni ukiwa na mwenzako kabla ya safari yoyote.

MASWALI

Mgeni wa Tacoma: Shukrani kaka. Naweza kuvaa jinzi chini ya jaketi la mvua?
Jibu: Hatua ya 2.

Mgeni wa Tacoma: Lakini sitapinduka, mimi nakaa karibu.
Jibu: Mita 60, nimeandika. Hakuna anayepanga kupinduka.

Pweza: Wetisuti si inaingiza maji? Inapashaje joto basi?
Jibu: Swali zuri, dada. Kinachokukinga ni neopreni yenyewe, ina vipovu vya hewa ndani. Maji machache yanayoingia yanapata joto la mwili na kubaki hapo, mradi suti ikubane. Ikipwaya, kila ukijigeuza maji mapya yanaingia na unaanza kupasha upya. Draisuti ni kinyume: inazuia maji lakini yenyewe haina joto, joto ni la nguo ulizovaa ndani. Ndiyo maana mwenye draisuti na fulana moja anatetemeka.

Pweza: Nami navaa hijabu, na wetisuti inachora mwili.
Jibu: Kofia ya neopreni inafunika nywele na shingo. Juu vaa jaketi la maji refu na kaptura pana inayofika magotini. Mtandio acha kwenye gari, ukilowa unanasa.

Ngalawa: Mbona hujaweka bei?
Jibu: Nimeweka. Hatua ya 4.

Ngalawa: Ohoo. Samahani. Yangu inanuka, nifanyeje?
Jibu: Maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka, kisha ianike kivulini, ndani nje. Na mkojo acha kuumwaga humo.

Kasia Moja: Chukueni na chupa ya chai ya tangawizi, sukari nyingi. Unywe ukishatoka majini na kubadili nguo.
Jibu: Na nguo kavu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mimi siku ile niliziacha garini, ufunguo ukiwa mfukoni.

Pweza: Nimejaribu leo asubuhi na mdogo wangu, maji ya kiunoni. Nilitoka mbio.
Jibu: Dakika ngapi?

Pweza: Tatu. Kofia nilisahau.
Jibu: Jumamosi naenda ufuko wa Alki saa tatu asubuhi. Njooni, na kofia.