Kufundisha Watoto Kuandika Barua kwa Kiingereza: Mtafute Msomaji Kwanza, Anwani Itafuata

Walimu wengi tukifika kwenye mada ya barua, chaki inakwenda moja kwa moja kwenye umbo: anwani juu kulia, tarehe chini yake, salamu kushoto, halafu mwili, tamati na jina. Watoto wananakili. Baada ya wiki wanapewa zoezi, na ukikusanya madaftari unakuta darasa zima limeandika barua ileile.

Nafundisha Kiingereza shule ya msingi, na mada hii naianzia upande wa pili. Swali langu la kwanza kwa mtoto ni hili: nani ataisoma barua yako, na ana hamu ya kujua nini? Umbo la barua linafundishika kwa kipindi kimoja au viwili. Kazi ipo kwenye kumpa mtoto jambo la kumwambia mtu, kwa lugha ambayo bado inamtoa jasho. Utaratibu ninaoueleza hapa unawafaa watoto wanaoweza kuunda sentensi fupi za Kiingereza, hata zikiwa na makosa.

Msomaji lazima awepo

"Mwandikie rafiki yako barua ukimweleza ulivyotumia likizo." Zoezi hili limo kwenye vitabu vingi vya kiada, na tatizo lake ni kwamba rafiki mwenyewe hayupo. Hana jina, hataipokea barua, hatajibu. Mtoto anafahamu fika kwamba msomaji ni mwalimu mwenye kalamu nyekundu, kwa hiyo anaandika sentensi salama ambazo hazina cha kukosolewa: "I am fine. How are you? My holiday was good."

Mpe msomaji anayepumua. Wapo karibu: mwanafunzi wa mkondo mwingine, mtoto wa darasa la juu, mwalimu mkuu, mtunza maktaba, mwenzao aliye mgonjwa nyumbani. Ukikosa wote, jitolee wewe, mradi uwe tayari kumjibu kila mmoja kwa barua. Kabla ya kumpa mtoto karatasi, hakikisha yule atakayeandikiwa amekubali kujibu. Mwambie pia kwamba majibu mafupi yanatosha. Mistari mitatu iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja inamfundisha mengi kuliko ukurasa mzima wa masahihisho.

Katika hatua hii huwa nawasimulia darasa habari za Grace Bedell, msichana wa Marekani mwenye miaka 11. Mwezi Oktoba 1860 alimwandikia Abraham Lincoln, aliyekuwa anagombea urais, akamshauri afuge ndevu kwa sababu uso wake ulikuwa mwembamba. Akamweleza kwamba wanawake wanapenda ndevu na watawahimiza waume zao wampigie kura, na kwamba yeye mwenyewe atajaribu kuwashawishi kaka zake. Akaulizia kama Lincoln ana mabinti wa umri wake, akaomba ajibiwe haraka. Lincoln alimjibu baada ya siku chache tu. Mwaka uliofuata, akiwa safarini kwenda Washington kuapishwa, alikuwa ameshafuga ndevu, na treni iliposimama kwao alimwita Grace akaonana naye.

Watoto wakishamaliza kucheka habari za ndevu, nawauliza: huyu msichana alifanya nini ndani ya barua yake? Wanataja wenyewe. Alijitambulisha. Alisema anachotaka. Alitoa sababu. Aliuliza swali. Hayo manne nayaandika ubaoni na yanabaki hapo muhula mzima. Nawaambia pia kwamba tahajia yake na alama zake za uandishi zilikuwa na makosa, lakini barua ilifika na ikajibiwa. Mtoto anayeogopa Kiingereza anahitaji sana kulisikia hilo.

Waseme kabla ya kuandika

Hapa ndipo walimu wenye haraka wanaparuka, na mimi nakusihi usiparuke. Waweke watoto wawili wawili. Mmoja anaeleza kwa mdomo anachotaka kuandika, mwenzake anamhoji kwa maswali yaliyo ubaoni: "Who?", "When?", "Why?", "What happened next?" Kisha wanabadilishana. Anayehoji haruhusiwi kunyamaza mpaka apate angalau jambo moja ambalo hakulijua.

Mtoto akikwama neno, alitaje kwa Kiswahili. Waulize wenzake kwanza, na wakishindwa wote, liandike pembeni mwa ubao pamoja na Kiingereza chake. Kipindi kikiisha unakuwa na orodha ya maneno waliyoyahitaji kweli, na hayo ndiyo hukaa kichwani.

Walio nyuma wape vianzio vya sentensi: "Guess what happened…", "Thank you for…", "I was sad because…", "Could you please…" Usivipange kwa mfuatano wa barua kamili, maana watavijaza kama fomu. Vitawanye ubaoni, kila mtu achukue kinachomfaa. Kwa wanaoanza kabisa, kadi yenye sentensi tatu na mchoro ni barua tosha.

Barua moja kwa karibu

Mwanafunzi wetu mmoja alivunjika mguu akawa nyumbani wiki kadhaa. Darasa likakubaliana kumwandikia. Rasimu ya kijana mmoja ilikuwa hivi:

"How are you? I hope you are fine. I am also fine. School is good. Everybody is greeting you. Get well soon."

Sarufi karibu yote iko sawa. Lakini anamwambia mtu aliyevunjika mguu kwamba anatumaini ni mzima, na baada ya hapo hamwambii kitu. Sikugusa hata neno moja. Nilimuuliza tu kwa Kiswahili: "Mwenzako amelala kitandani tangu asubuhi. Unadhani anajiuliza nini kuhusu huku darasani?" Akafikiri, akasema: "Labda anajiuliza nani anakaa kwenye kiti chake." Nikamwambia aanzie hapo. Rasimu ya pili:

"Nobody is sit in your chair. Teacher put globe on it. We are doing fractions and they are very hard. I am writing everything for you in my book. Is your leg scratching? Can I draw on the plaster?"

Sasa kuna makosa zaidi ya yale ya mwanzo, na ni barua bora mara nyingi. Kiti kinaonekana, tufe la dunia lililowekwa juu yake linaonekana, na kuna maswali mawili ambayo aliyeyasoma hawezi kuyaacha bila kujibu. Makosa haya nayapokea kwa mikono miwili, kwa sababu yametokea pale mtoto alipojaribu kusema jambo ambalo hakuwa amelikariri.

Tulirekebisha matatu kabla ya kunakili barua safi: "Nobody is sitting in your chair", "The teacher put the globe on it" na "Is your leg itching?" Majibu yaliporudi, ruhusa ya kuchora kwenye plasta ilikuwa mstari wa kwanza.

Makosa

Usisahihishe kila kitu. Chagua mambo mawili au matatu kwa kila barua, na kwa watoto wanaozungumza Kiswahili utajua mapema yatakuwa yapi. "He" na "she" zinabadilishana nafasi, kwa kuwa kwetu "yeye" ni mmoja kwa wote. "A" na "the" zinasahaulika. Kitenzi cha jana kinaandikwa kama cha leo. Wiki hii shughulika na vitenzi vya wakati uliopita kwa darasa zima, wiki ijayo shika jingine.

Kalamu nyekundu iishie kwenye rasimu. Barua inayokwenda kwa msomaji ni mali ya mtoto na msomaji wake, isiende imechorwachorwa. Na kama wewe ndiye msomaji, una nafasi nzuri ya kusahihisha bila kumkatisha tamaa: tumia umbo sahihi ndani ya jibu lako. Akikuandikia "Yesterday I go to my aunt", mjibu "So you went to your aunt! What did you do there?" Wengi barua inayofuata huja na "went", wala hujawaita mezani.

Kabla ya kunakili, kila mtoto aisome rasimu yake kwa sauti. Sikio hukamata neno lililorukwa ambalo jicho limelipita.

Kuna sentensi za kurithi ambazo nazikataa waziwazi, kama "I am very happy to write you this letter" na "I hope you are fine as I am also fine". Sharti langu ni kwamba sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe ile isiyoweza kuhamishiwa kwenye barua ya mtu mwingine. Watoto hulalamika siku ya kwanza. Kisha wanaanza kushindana.

Watakaokuambia kwamba Kiingereza chao hakitoshi, wasimulie kuhusu Samantha Smith, msichana wa Marekani. Mwaka 1982, akiwa na miaka 10, alimwandikia kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, Yuri Andropov, akimuuliza kuhusu vita vya nyuklia. Sentensi zake zilikuwa fupi na nyepesi. Andropov alimjibu mwaka 1983 na kumwalika, na Julai mwaka huohuo Samantha alikwenda na wazazi wake.

Sasa umbo

Mtoto mwenye barua mkononi anataka kujua jinsi ya kuipanga, kwa hiyo somo hili linakwenda haraka. Andika barua fupi, ikate vipande: anwani, tarehe, salamu, aya, tamati, jina. Kila jozi ipewe vipande vyote ivipange juu ya dawati. Waache wabishane. Baadaye onyesha mpangilio sahihi na waeleze kazi ya kila kipande.

Barua ya kirafiki ina anwani moja, ya mwandishi, juu kulia, na tarehe chini yake. Salamu ni "Dear" na jina, kisha mkato. Mwisho ni "Your friend" au "Love", na jina la kwanza linatosha. Barua rasmi ina anwani mbili: ya mwandishi kulia, ya mwandikiwa kushoto chini yake. Baada ya salamu huja kichwa cha habari.

Tamati ndiyo inayowasumbua zaidi. Kwa kanuni ya Uingereza, ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam" bila jina, malizia na "Yours faithfully". Ukitaja jina, kama "Dear Mrs" na jina la ukoo, malizia na "Yours sincerely". Wamarekani kwa kawaida huandika "Sincerely" au "Sincerely yours". Chagua kanuni moja na usiichanganye na nyingine. Herufi kubwa ni ya neno la kwanza tu, na "Yours" haina kiapostrofi kamwe, ingawa utakiona kila mahali.

Tarehe waandike mwezi kwa maneno. 5/3 ni Machi kwa Mwingereza na ni Mei kwa Mmarekani.

Barua inayotoka nje ya shule ibebe anwani ya shule. Anwani ya nyumbani kwa mtoto isiwemo, na mzazi ajue barua inakwenda kwa nani.

Sanduku la posta la darasani

Boksi la kadibodi lenye mwanya juu linatosha. Mteue mtoto wa zamu wa kugawa barua siku moja ya wiki. Majina yapigiwe kura ili kila mtoto apate barua, kwa sababu ukiacha wachaguane, kuna atakayebaki mikono mitupu na hatapenda tena somo hili. Pitisha macho kwenye kila barua kabla haijaingia sandukuni, na liseme hilo wazi tangu siku ya kwanza.

Bahasha nayo ifundishwe: jina na anwani ya mpokeaji katikati, stempu juu kulia, mtumaji nyuma. Watoto hupenda kusikia kwamba stempu ya kwanza ya kubandika, Penny Black, ilitolewa Uingereza mwezi Mei 1840, na kwamba kabla yake mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa. Waulize wangefanya nini barua ikifika na pesa hawana. Hicho ni kipindi kizima cha mazungumzo.

Wakishazoea, wapeleke mbali zaidi. Umoja wa Posta Duniani huendesha kila mwaka, tangu 1971, shindano la uandishi wa barua kwa watoto wa miaka 9 hadi 15. Kila mwaka lina mada yake, na washiriki hupitia shirika la posta la nchi yao, kwa hiyo uliza huko mapema kuhusu mada na siku ya mwisho. Lengo jingine zuri ni tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, inayoadhimisha kuanzishwa kwa umoja huo huko Bern, Uswisi, mwaka 1874. Anza maandalizi wiki nne kabla: wiki ya kutafuta wasomaji na kuwaomba wajibu, wiki ya kuzungumza na rasimu ya kwanza, wiki ya kurekebisha, na ya mwisho kwa ajili ya nakala safi na bahasha.