Mbio za gokati za ndani: kujipanga na wenzako na kukata kona

Kiangazi cha Dubai joto hupita nyuzi 40, na sisi Waswahili tulio huku kikazi siku ya mapumziko tunatafuta pa kukutania penye kiyoyozi. Kundi letu la akina dada wa Mombasa, Unguja na Dar linapenda Kartdrome, uwanja wa gokati (vigari vidogo vya mbio vya mtu mmoja) wa Dubai Autodrome, kule Motor City. Ina njia mbili: ya nje ya kilomita 1.2, na ya ndani ya mita 620. Ninayoyaeleza hapa ni ya ndani. Ndiyo ninayompeleka anayeanza, kwa sababu ni fupi, kona zinafuatana, na bila breki nzuri huendi popote.

Kabla ya yote, nguo. Hapa sina mzaha. Ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaounganisha matairi ya nyuma, inazunguka karibu kabisa na mgongo wako. Mtandio, ncha ya buibui au rasta ndefu ikinaswa pale, inavutwa mara moja na kukaba shingo, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Njoo na suruali isiyo pana, blauzi ya mikono mirefu na viatu bapa vilivyofunika vidole. Hijabu vaa ile ya kubana ya kuvuta kichwani, uichomeke ndani ya blauzi kabla ya kuvaa helmeti. Nywele zibane, nazo ziingie ndani. Tukishavaa, mimi humpitia kila mmoja kwa nyuma nikampapasa shingoni na kiunoni. Atakayesema, "Basi dada, nimeshafunga," namwambia, "Geuka nione." Helmeti nayo ibane mashavu, ukitikisa kichwa isicheze.

Mnapoweka nafasi, ulizeni mshindi anapatikanaje. Katika vipindi vya kawaida vya kukodi, majina hupangwa kwa mzunguko mmoja wa kasi zaidi wa kila mtu, si kwa aliyetangulia. Basi ukikwama nyuma ya mwenzako usimng'ang'anie: legeza, acha nafasi mbele yako, kisha upige mzunguko mmoja safi. Mkitaka kufukuzana kwelikweli, ombeni mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, halafu fainali.

Kitini, mguu wa kulia ni mafuta, wa kushoto ni breki, na usizikanyage kwa pamoja. Miguu isipofika, sema uwekewe mto.

Sasa kona, na hapa ndipo mbio zilipo. Gari la kawaida lina difu, kifaa kinachoruhusu matairi mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye kona tairi la nje huzunguka zaidi ya lile la ndani. Gokati haina difu: matairi mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, na ili ikate kona sawasawa lile la ndani linapaswa kujiinua kidogo. Ndiyo maana kujilaza upande wa kona, kama abiria wa bodaboda, kunakuharibia; unalikandamiza tairi ambalo lingefaa liinuke. Kaa wima, acha mwili uende nje wenyewe.

Breki za gokati nyingi za kukodi ziko nyuma tu. Ukizikanyaga huku usukani umekata, mkia unakupita na unajikuta unatazama ulikotoka. Kwa hiyo piga breki magurudumu yakiwa yamenyooka, kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia, ndipo ukate. Ingia kona ukitokea ukingo wa nje, gusa ndani, toka tena nje, na mafuta uyarudishe pale usukani unapoanza kunyooka. Matairi yakilia sana ujue mwendo unapotea. Macho yasiwe kwenye tairi la aliye mbele, yawe kwenye kona inayofuata. Mzunguko wa kwanza nenda taratibu. Matairi bado ni ya baridi na yanateleza.

Bendera ya njano: punguza, usimpite mtu. Buluu: kuna mwenye kasi nyuma yako, mpishe. Nyekundu: fuata wasimamizi, mbio zimesimama. Ukizungushwa, kanyaga breki, inua mkono, na usishuke hata kama moyo unakwenda mbio. Na tafadhali msigongane kusudi, hata kwa mapenzi, mbavu zinaumia.

Mwisho mtapewa nyakati zenu. Usiangalie jina la kwanza tu, tafuta mzunguko wako bora ulikuwa wa ngapi. Nyakati zikianza kurefuka mwishoni, mara nyingi ni mikono iliyochoka kwa kukaba usukani, basi kipindi kijacho ushike kwa wepesi. Ndiyo maana nasisitiza mlipie vipindi viwili, na katikati mkae nusu saa mnywe maji na kuzipitia nyakati hizo pamoja.