SOMO: Kuandaa nyumba ya familia mzee akirudi kuishi nanyi

Wakuu, naandika mara moja ili atakayeniuliza tena nimwelekeze hapa. Swali ni lile lile: mama au baba amehamia kwetu, magoti yamechoka, tuanze wapi? Wengi hukimbilia kujenga chumba uani. Anza na njia ya usiku, kutoka kitandani hadi chooni. Hiyo ikiwa salama, mengine yanasubiri.

1. Chumba. Kiwe cha chini na karibu na choo cha ndani. Usimpeleke kwenye banda la uani eti apate utulivu. Mzee anataka kusikia nani kaingia na kama wajukuu wamerudi shule. Ikibidi watoto wahame chumba, wahame.

2. Njia. Toa mazulia madogo, stuli na waya za ekstensheni.

3. Mlango wa choo. Nafasi ya kupita iwe sentimita 80 au zaidi, hata kama leo hatumii kiti mwendo. Ufungukie nje: mzee akiangukia nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake utauzuia na hamtaweza kuingia.

4. Mteremko wa mlango mkuu. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kibaraza cha sentimita 15 kinahitaji mita 1.8, cha sentimita 45, mita 5.4. Uwanja ukiwa mdogo, kata kona na uweke sehemu bapa ya kupumzikia. Zege lichorwe kwa ufagio likiwa bichi, lisiteleze.

5. Choo cha kukaa. Kiti kiwe sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni. Sinki la choo likiwa fupi, linyanyue kwa zege chini yake.

6. Vishikio vya ukutani chooni. Hapa naomba msome polepole. Kwa mama yangu fundi alifunga kishikio kizuri kinachong'aa, kwa skrubu fupi na plagi za plastiki. Kiling'oka na vipande vya marumaru, mama akiwa amekishika. Sababu ni hii: marumaru, gundi na lipu ni sentimita mbili tatu kabla hujafika kwenye tofali, kwa hiyo skrubu fupi imeshika lipu tu. Na tofali zetu nyingi zimebaniwa saruji, ukizitoboa zinamung'unyuka. Tumia bomba la chuma la inchi moja, ambalo kiganja cha mzee kinaweza kulizunguka. Toboa ukuta hadi upande wa pili, pitisha bolti, weka bamba la chuma huko nyuma, kaza nati. Kama huwezi kutoboa upande wa pili, chimba tundu, chomelea miguu kwenye ncha za bomba, zizike kwenye zege na umwagilie siku 7 kabla ya mtu yeyote kugusa. Kisha mtu mzito kuliko wote nyumbani avute kwa uzito wake wote. Kimo chake kutoka sakafuni kipime mzee akiwa amekaa, si kwa mwili wa fundi. Na bomba la kutundikia taulo SI kishikio.

7. Mwanga. Taa ndogo ya sola inayojiwasha mtu akipita, maana umeme ukikatika swichi haina kazi.

MASWALI

Mdau, Kimara: Yote hayo shilingi ngapi?
Jibu: Hujataja unabadilisha nini wala vipimo. Pima kwanza, urudi.

Mdau, Morogoro: Vile vishikio vya raba vinavyonyonya ukutani je?
Jibu: Hapana. Vinaachia bila kutoa taarifa.
Mdau, Morogoro: Muuzaji kasema vinabeba kilo 100.
Jibu: Muuzaji hatakuwepo saa nane usiku. Soma hatua ya 6.

Mdau, Tanga: Bibi hataki kabisa choo cha kukaa. Anasema hapati twahara vizuri na maji yanamrukia. Tumlazimishe?
Jibu: Msimlazimishe, dada, ana hoja. Acheni choo chake cha kuchuchumaa, wekeni vishikio pande mbili. Magoti yakigoma, mchomeleaji atatengeneza kiti cha chuma chenye tundu, miguu minne yenye raba, kinachokaa juu ya tundu la choo na kuondolewa wengine wakiingia. Shatafu iwe upande wa mkono anaoutumia, isimlazimu kuinama kufuata kopo. Akizoea, mwulizeni tena.

Mdau, Dodoma: Nyongeza: baba ana mtoto wa jicho, haoni ukingo wa ngazi. Tumepaka njano ukingoni, anashuka mwenyewe.
Jibu: Asante sana. Hata chooni, sinki jeupe kwenye marumaru nyeupe halionekani. Weka kifuniko cha rangi nzito. Ila mpelekeni hospitali, mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Mdau, Unguja: Sisi tuko Mji Mkongwe. Ngazi ni wima, kizingiti cha mlango wa nakshi ni kirefu. Nikate?
Jibu: Usikate! Mji huo uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima ikupe kibali kabla hujagusa mlango au ukuta. Tengeneza daraja la mbao la kuweka na kuondoa juu ya kizingiti. Ngazi sishauri mzee aipande kila siku. Mshusheni chumba cha chini, karibu na baraza, apate na watu wa kuzungumza nao. Tuma kimo cha kizingiti pande zote mbili, nikupigie hesabu ya mbao.